Mkanda Uliovishwa Leso

Nyumba yetu ina choo cha chini na choo cha juu, na siku ya Jumapili cha juu hakikuwa choo. Kilikuwa cha nyanya. Aliingia humo na ndoo mbili, chupa tatu za dawa na saa ya mezani yenye mishale inayong'aa gizani, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo, na kuanzia hapo, hata kama umekunywa jagi zima la maji ya ukwaju, ilikuwa shauri yako. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, nimemwona akishuka ngazi mbili mbili kukimbilia cha chini na kukuta mtu amemtangulia.

Nyanya alikuwa akiosha picha. Huku kwetu ndivyo tunavyosema, picha huoshwa, kama sahani au kama maiti. Hilo la pili si mzaha wangu, ni lake, nitalifikia.

Nyanya ni mama yake mama yangu, na kazi yake kwa miaka yote niliyokuwapo duniani, na mingine mingi kabla sijaja kumsumbua, ni kupiga picha kwenye kupamba. Asiyetoka Mji wa Kale nimweleze. Harusi zetu zina sehemu ya wanaume, ambayo ni msikiti, halwa, kahawa na kwaheri. Sehemu yetu ni kupamba. Bibi harusi hukalishwa jukwaani, amepambwa kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, na wanawake ukumbi mzima huja kumtazama na kumkosoa. Ukisimama nje utaona mabuibui meusi yakiingia moja baada ya jingine. Yakishavuliwa ndani, kasuku angeona haya. Mabega nje, migongo nje, nywele zimejengwa ghorofa. Mwanamume haingii, hata wa kurekebisha spika. Simu nazo haziingii: mlangoni husimama kina mama wawili wapana wanaopekua mikoba, kwa sababu kuna picha moja iliyowahi kuponyoka ukumbini ikafika Dubai kabla bibi harusi hajafika kwake.

Kamera inayoruhusiwa ni ya nyanya peke yake. Na nyanya hupiga nyeusi na nyeupe.

Najua. Mtu amehangaika mwezi mzima kutafuta zambarau inayolingana na viatu, kisha analetewa picha ambamo ukumbi wote umevaa kijivu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ubahili. Kumbe mkanda wa rangi huoshwa kwa mashine, mashine iko dukani, na dukani kuna mwanamume. Mkanda wa nyeusi na nyeupe huoshwa na mtu yeyote mwenye giza, maji na subira. Nyanya huupiga mwenyewe, huuosha, huchapa picha, huzitia kwenye bahasha, hubandika gundi, na kumkabidhi bibi harusi mkononi pamoja na negativu zake. Hakuna jicho jingine katikati.

"Hata maiti ya mwanamke haioshwi na mwanamume," husema. "Sembuse picha yake, naye yu hai na amejipodoa."

Niliwahi kumshauri anunue kamera ya kadi. Akaniuliza picha hutolewaje kwenye kadi. Nikamweleza kwamba unaichomeka kwenye kompyuta na kuzinakili.

"Na ukishanakili, ile ya kwanza yaondoka?"

"Haiondoki."

"Basi hiyo yazaa. Sitaki kitu kinachozaa."

Nikiwa darasa la nane nilifuatana naye kwenda duka la picha, kwa yule mzee aliyemuuzia mikanda tangu meno ya wote wawili yalipokuwa yao. Nyanya aliweka kiboksi kitupu juu ya kaunta, kama kawaida, maana yake: nipe kumi. Mzee hakuinuka.

"Bibi, hii haiji tena."

"Meli imechelewa?"

"Meli haina makosa. Kiwanda kimeacha kuitengeneza."

"Kimefilisika?"

"Hakikufilisika. Kinatengeneza vitu vingine. Hii ndiyo wameiacha, wasema hainunuliwi."

"Hainunuliwi? Na mimi nimekuwa nikinunua nini hapa, maandazi?"

Mzee akasema wenye kiwanda hawamjui yeye wala nyanya. Wao huangalia hesabu za dunia nzima, na katika hesabu hizo Mji wa Kale hauonekani. Nyanya alilichukulia jambo hilo kama tusi la mtu aliye mbali: hakulijibu. Alinunua mikanda yote iliyobaki dukani, kumi na minane, akaipanga ndani ya kopo la aiskrimu na kulitia friji, kwa sababu mkanda ukikaa kwenye joto letu huzeeka upesi. Mara mbili nimelifungua kopo hilo kwa tamaa. Aliyeibuni hila hiyo simsamehi.

Harusi zikaendelea, na kopo likawa jepesi. Ulipobaki mkanda mmoja nyanya alisema huo hauguswi, ni wa mama mdogo.

Mama mdogo ni kitinda mimba wake. Ni muuguzi, ana sauti ya chini, na mwaka huu alichumbiwa na mtu anayefanya kazi Maskati. Mpango ulikuwa waoane, wakae fungate siku saba hapa nyumbani, kisha siku ya nane wapande ndege. Hakuomba makubwa. Hakuomba hata keki. Aliomba picha moja, yeye na mama yake.

Ukiwaza utaona kwa nini. Nyanya amempiga picha kila bibi harusi wa mitaa mitatu, lakini anayeshika kamera hakai mbele yake. Picha yake yeye ni ile ya kitambulisho, ambamo anafanana na mtu aliyekamatwa na mihadarati. Katika harusi ya mama yangu kuna picha ishirini, na nyanya ametokea katika moja: kidole gumba, pembeni.

"Mimi namtaka mama yangu ndani ya picha," alisema mama mdogo. "Sitaki kidole chake."

Sasa, wiki mbili kabla ya harusi hiyo, mama mmoja jirani alikuja akilia. Harusi ya binti yake imesogezwa mbele, kupamba ni keshokutwa, na mpiga picha aliyeahidiwa ni mwanamke mwenye simu. Nyanya alimsikiliza, akaenda friji, akautoa mkanda wa mama mdogo. Alisema utapatikana mwingine. Sisi sote tulimwamini, kwa sababu nyanya huwa hasemi ovyo.

Haukupatikana. Nilitumwa mimi kuutafuta, na nilitafuta kwa akili zangu zote, ambazo mwalimu wangu wa darasa anazijua. Nilianzia Ngome ya Yesu. Niliwaza kwamba watalii wana pesa na mambo ya kizamani huwapendeza, kwa hiyo mmoja wao lazima awe na mkanda. Nilimpata mzungu kijana mwenye kamera ya chuma shingoni, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu kama ataniuzia mkanda mmoja kwa ajili ya bibi harusi. Alikuwa nao mmoja, umo ndani ya kamera na ameshaujaza nusu. Akaniambia wapo watengenezaji wengine ng'ambo ambao hawajaacha, naweza kuagiza, utafika baada ya wiki nne au tano. Nikamwambia kupamba ni baada ya siku tisa. Akasikitika kweli. Kisha kiongozi mmoja wa watalii akanifukuza, ati nasumbua wageni.

Nikaenda kwenye duka la zamani. Yule mzee amehamia kwa binti yake, na mwanawe anauza vifuniko vya simu. Nilimwonyesha kiboksi cha nyanya. Akacheka, kisha akapiga magoti chini ya rafu, akatokea na kiboksi kimoja chenye vumbi, cha sura nyingine kabisa.

"Nyeusi na nyeupe, si ndiyo?"

Kilikuwa kimeandikwa hivyohivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Nilinunua na kukimbia nyumbani nikiwa shujaa.

Jikoni kulijaa. Mama, mama mdogo, na majirani wanne walikuwa wakimenya vitunguu saumu vya pilau. Nyanya alikigeuza kiboksi mkononi kama mtu anayekagua yai.

"Hichi sikijui. Hebu soma kimeandikwa nini."

Nyanya husoma Kiarabu na husoma Kiswahili. Kiingereza huniachia mimi. Na mimi nilikuwa na wanawake sita mbele yangu waliochoka kumenya.

"Tahadhari," nikasoma. "Mkanda huu hauchukui dhamana kwa sura ambayo mtu alikuja nayo."

Wakacheka. Nyanya mwenyewe aliuma mdomo.

"Wanene wakae pembeni, mkanda ni mwembamba. Mama wakwe wasipigwe wakiwa na njaa."

Mama akanirushia kitunguu saumu, kikanipata sikioni. "Soma dakika za dawa, punguani we!"

Hapo nilitazama kweli. Kila mkanda una dakika zake za kukaa ndani ya dawa, na za ule wake nyanya alizijua kwa moyo. Kwenye kiboksi hiki sikuona dakika zozote.

"Hawajaandika dakika."

"Basi nitatumia zangu," akasema nyanya.

Ubavuni kulikuwa na maneno mengine, madogo kama sisimizi. Niliyaona. Sikuyasoma, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kucheka, na nimejifunza kuondoka wakati bado wanacheka.

Kupamba kulikwenda vizuri. Sitaeleza alivyopendeza mama mdogo, maana nimeapa. Nyanya alipiga picha thelathini na tano, akizunguka jukwaa kwa viatu vya mpira, akiwaamrisha watu wazima wanyooshe shingo. Ya thelathini na sita aliniita.

"Njoo hapa. Shika hivi. Tazama hapa, bonyeza hapa. Usiheme."

"Nyanya, nikikosea je?"

"Ukinikata kitwa, nitakukata mkono."

Alipanda jukwaani polepole, akakaa kando ya mwanawe, akashusha leso mabegani. Hakujua pa kuweka mikono. Mtu aliyewawekea mamia ya watu mikono yao! Mama mdogo akaichukua akaishika. Wanawake nyuma yangu wakaanza kunifundisha kazi, mmoja akisema rudi nyuma, mwingine akisema sogea, na mimi nikabonyeza. Mkanda ukaisha.

Jumapili baada ya hapo nyanya aliingia chooni na ndoo zake. Nilikuwa nimekichukua kile kiboksi kitupu, maana nilitaka kukigeuza pakiti ya sigara nimtishe nayo mama, na nikiwa nakikata kwa wembe ndipo maneno ya ubavuni yakanijia mbele ya macho. Yalisema mkanda huu, ingawa ni wa nyeusi na nyeupe, uoshwe kwa mashine na dawa za mkanda wa rangi. Yakasema tena, kwa wagumu wa kuelewa kama mimi: usioshwe kwa dawa za nyeusi na nyeupe.

Nilipanda ngazi sijui vipi. Nikaugonga mlango kwa ngumi mbili.

"Nyanya! Usioshe!"

"Wataka choo, nenda chini!"

"Si choo, nyanya! Ni mkanda! Kiboksi kimesema usioshe!"

"Kiboksi kimesema! Juzi kilisema wanene wakae pembeni!"

"Wallahi leo ni kweli!"

"Toka hapo kabla sijatoka mimi."

Nikasikia kifungulio kikigonga kifuniko cha mkanda, kwa namna anavyoufungua gizani. Sikuwa na neno lolote la kumfanya aniamini, kwa hiyo nikaenda kumwita ambaye huaminiwa. Mama mdogo alikuwa chumba cha mbele katika siku zake za fungate, siku ambazo bibi harusi hagusi hata ufagio. Mumewe alikuwa ametoka kwenda msikitini. Nilimvuta mkono hadi kwenye mlango wa choo, nikampa kiboksi. Alikisoma mara mbili. Midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Mama," akasema. "Acha kwanza. Imeandikwa kweli."

Kifungulio kikaacha kugonga.

"Imeandikwa wapi?"

"Ubavuni."

"Kwa herufi gani?"

"Ndogo."

Taa ikawashwa, taulo likaondolewa, nyanya akatoka na mkanda mkononi. Kifuniko kilikuwa kimebanduka kidogo tu upande mmoja, na alikuwa amekibana kwa kidole tangu gizani hadi alipopata gundi ya karatasi. Kisha akanitazama.

"Na wewe pale jikoni ulisoma nini?"

"Sikusoma. Nilitunga."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, maana alilofanya ni kukaa kwenye ngazi akiugeuza mkanda kiganjani, na sisi wawili tukasimama mbele yake kama watu wanaosubiri daktari.

Nilitafuta kwenye simu ya mama. Wako waliojaribu kuuosha mkanda wa aina ile kwa dawa za kawaida, na walisema kitu hutokea, lakini hafifu, chenye ukungu, na aliyetaka uso wa mtu asitegemee. Nikawasomea yote, neno kwa neno, hata yasiyohusu. Mama mdogo alisema basi twende dukani.

"Dukani kuna mwanamume," akasema nyanya.

"Mama, kuna mashine."

"Na mashine yasukumwa na nani? Jini? Wale wanawake walivua mabuibui mbele yangu kwa sababu ya neno langu. Neno langu ni hilo hilo moja, sina jingine."

"Najua," akasema mama mdogo. "Lakini na mimi nimebakiwa na siku sita."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja saa. Kisha akarudi chumbani kwake, na nyanya akaniambia: wewe uliyetunga, kaulize.

Duka lenye mashine ya kuosha mikanda limebaki moja, mtaa wa Tudor, si mbali na shule yetu. Anayeiendesha ni kijana kutoka bara, mpole, mwenye miwani. Alisema mashine huwashwa Jumatano pekee siku hizi, mikanda ni michache. Nikamweleza shida yetu.

"Picha utaziona?"

"Lazima nizione, moja moja, kwenye kioo. Ndio nirekebishe mwanga."

"Huwezi kufumba macho?"

"Nikifumba macho zitatoka nyeusi kama sufuria ya kwenu."

"Na kama hatutaki picha? Tunataka mkanda tu uoshwe?"

Akafikiri. "Mkanda tu, unaingia huku, unatokea kule. Hizo negativu mimi sina shughuli nazo."

Nilipeleka habari hiyo nyumbani, nayo ikazua swali ambalo sijapata kulisikia katika madrasa yoyote: negativu ni picha, au si picha? Kwenye negativu uso wa mtu ni mweusi, nywele ni nyeupe, meno ni meusi. Je, mwanamume akiiona, amemwona mwanamke? Nyanya hakumuuliza shehe, kwa sababu shehe ni mwanamume. Alitaka ushahidi. Akachukua negativu za harusi ya mama yangu, akakata kipande kimoja, mama akiwa peke yake jukwaani, akamwita baba.

Baba akaja akifuta mikono, akidhani ameitwa kupandisha pipa la maji.

"Shika hapa kando, elekeza dirishani. Huyo ni nani?"

Baba akatazama. Akafinya jicho moja. Akageuza juu chini.

"Ni mtu, au ni mnyama?"

"Ni mtu. Tazama sawasawa."

"Mzee mwenye mvi," akasema baba. "Ni yule marehemu mjomba?"

Mama alikuwa mlangoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Siku hiyo baba alijipakulia chakula mwenyewe.

"Haya," akasema nyanya, akiirudisha negativu kwenye bahasha. "Si picha. Lakini hata hivyo mato ya huyo kijana wa mashine hayataiona."

Jumatano baada ya masomo nilimkuta nyanya amenitangulia pale dukani, ndani ya buibui, na mkoba wa kwapani uliotuna. Yule kijana aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Shosho ni nani?"

"Ni... ni nyanya. Kwetu bara."

"Hapa ni kwetu. Mashine iko wapi?"

Mashine ni kama friji iliyolazwa, yenye mdomo upande mmoja na mdomo upande wa pili. Kijana aliingiza mikono kwenye mfuko mweusi wa kuzuia mwanga, akaufungulia mkanda humo ndani, akabonyeza, ikaanza kunguruma. Nyanya alivuta kigoda cha plastiki hadi kwenye mdomo wa kutokea, akakaa, akatoa leso mpya mkobani na kuikunjua magotini.

"Yachukua muda gani?"

"Kama robo saa, shos... mama."

"Tazama ukutani."

"Naam?"

"Ukutani, mwanangu. Kalenda nzuri ile."

Kijana akanitazama mimi. Nikampa ishara kwamba hakuna njia nyingine. Akageuka, akasimama akiisoma kalenda kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, miezi yote kumi na miwili, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Mteja mmoja, mwanamume, aliingia kutaka picha za pasipoti. Nyanya akamwambia asubiri nje, duka lina mgonjwa.

Ncha ya mkanda ilipochungulia, nyanya alitupa leso juu ya mdomo wa mashine, upesi sana, akaanza kuuvuta mkanda chini ya leso, inchi kwa inchi, kama mkunga anavyompokea mtoto. Ilibaki leso nyekundu ikipumua juu ya mashine. Kijana aliuliza bila kugeuka kama amkatie vipande vipande.

"Mkasi ninao," akasema nyanya, na akakata palepale, mikono yote miwili ikiwa gizani. Sijaona mtu mwingine anayeweza kukata negativu katikati ya picha na picha bila kuziona.

Alipomaliza alimshukuru sana, akamwombea mke mwema. Kijana aliitikia amina kwa kalenda.

Tuliposhuka kwenye tuktuk, nyumbani hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mama mdogo alikuwa amesimama juu ya ngazi. Nyanya akainua kipande cha mwisho kwenye mwanga wa dirisha la uani, akakitazama kwa muda, na mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba nimemkata kichwa.

"Vitwa vipo," akasema. "Miguu ndiyo hakuna."

Sasa ilibaki kuchapa, na kuchapa nyanya hufanya mwenyewe, kwa mashine yake ya kukuzia na taa nyekundu. Shida ikawa karatasi. Nazo haziji siku hizi, na kwenye pakiti zilibaki sita. Kila bibi harusi hupewa picha ishirini, mtoto wake mwenyewe atapata sita. Alitangaza kwamba hatapoteza hata moja, na akaturuhusu mimi na mama mdogo kuingia kushuhudia tukikaa kimya.

Alianza na ile. Aliiangazia karatasi, akaitia kwenye sinia la dawa, akaitikisa. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha maua ya hina ya mama mdogo, kisha mikono minne, kisha nyuso mbili. Nyanya aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa dawa.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, mama," akasema mama mdogo.

"Mimi? Na hiki nini hapa chini?"

"Kidevu."

"Videvu," nikasema mimi, na nikapigwa kikumbo.

"Imeiva kupita kiasi, ndiyo maana," akasema nyanya. "Dawa imekaa."

Akachapa ya pili. Safari hii ilitoka nyeupe, nyanya kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Akasonya. Ya tatu akaikinga kwa kiganja chini ya mwanga, akikichezesha kidogo pale kwenye shingo, hila ambayo miaka yote aliwafanyia mama za maharusi waliomwomba kwa siri. Shingo ikanyooka, lakini na pua ikafifia. Ya nne ikakaribia. Ya tano akasema hapa sasa, huyu ndiye mimi. Ilibaki karatasi moja, na ndipo bibi harusi akapata picha yake peke yake jukwaani, moja tu, kwa sababu mama yake alizimaliza nyingine akirekebisha shingo.

Mama mdogo hakulalamika. Alizipanga zote tano kwenye kamba, akazitazama zikichuruzika, kisha akaitoa ile ya kwanza.

"Hiyo mbaya!" akasema nyanya. "Hiyo ya kutupa!"

"Nataka hii."

"Mwanangu, watu wa Maskati wataiona. Mamake mumeo ataiona. Chukua hii ya tano."

"Ya tano simjui aliyemo," akasema mama mdogo, na nyanya akanung'unika mpaka Jumamosi, hata wakati wa kufunga sanduku, akimwomba angalau azichukue zote mbili. Ile ya kwanza ilisafiri katikati ya madera mawili, peke yake.

Kabla ya mwisho wa mwezi alikuja mama mmoja kuulizia kupamba kwa binti yake. Nyanya akamwambia mkanda wake haupo tena. Yule mama akasema amesikia upo wa aina nyingine.

"Upo," akasema nyanya, "lakini huo una mwanamume ndani."

Picha ya tano ameitia fremu, iko juu ya kabati chumbani kwake. Baba akibisha hodi kuja kumsalimia, nyanya huigeuza uso ukutani, kwa ajili ya mabega ya mama mdogo, na akitoka huigeuza tena.